Timu ikiuzwa na kuhama, shabiki anabaki na nini? Tuliyojifunza kwa Ihefu ya Mbarali

Kila tukisoma matokeo ya Singida Black Stars katika kipindi cha michezo, hatukosi meseji kutoka Igwachanya, Ilembula au Makambako inayouliza: hivi hii si ile Ihefu yetu? Ni ile ile, ndugu msikilizaji. Nafasi yake kwenye Ligi Kuu ndiyo ile iliyopatikana Mbarali. Jina, uwanja, mkoa na mashabiki wanaokaa jukwaani ndivyo vilivyobadilika. Wengi wameomba tueleze kwa maandishi jambo hili linawezekanaje, na kama laweza kuikuta timu nyingine ya huku kwetu.

Tukubali kwanza kwamba Ihefu haikuwa timu ya mkoa wa Njombe. Ilikuwa ya Ubaruku, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, na jina lake ni la eneo oevu la Usangu ambalo maji yake huingia Mto Ruaha Mkuu. Lakini Njombe Mji iliposhuka daraja mwaka 2018, baada ya msimu mmoja tu wa Ligi Kuu, watu wa Wanging'ombe na Makambako tulibaki bila timu ya kwenda kuangalia. Ihefu ilipopanda mwaka 2020, ikashuka 2021 na kurudi tena 2022, Ubaruku pakawa karibu. Unashika barabara kuu ya Mbeya hadi Igawa, unaelekea Rujewa, unaingia kwenye mashamba ya mpunga na uwanja wa Highland Estates huo hapo. Mtu anaondoka asubuhi, jioni yuko nyumbani na vumbi lake.

Na kulikuwa na cha kwenda kuangalia. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika Ubaruku ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu iliifunga 2-1. Oktoba 2023 Yanga ilirudi kwenye uwanja ule ule ikafungwa 2-1 tena. Hata wanazi wa Yanga wa hapa Igwachanya, ambao siku ile hawakutaka kusikia redio, leo wanaisimulia mechi hiyo.

Miezi michache baadaye timu haikuwepo tena.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi twende Singida kwanza. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikashuka 2020. Mwaka 2022 timu ya DTB ilipanda daraja, ikabadilishwa jina kuwa Singida Big Stars, na msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne. Mwaka 2023 ikaungana na Fountain Gate na kuitwa Singida Fountain Gate, ikacheza hadi Kombe la Shirikisho Afrika. Halafu, katikati ya msimu wa 2023/24, mambo yakageuka. Singida Fountain Gate ikahamishia mechi zake Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba. Wachezaji wake kadhaa wakasajiliwa Ihefu katika dirisha dogo. Na Ihefu nayo ikaondoka Ubaruku, ikaanza kutumia uwanja wa Liti, Singida. Msimu ulipoisha, Ihefu ikaitwa Singida Black Stars. Ile nyingine ikaondoa neno Singida kwenye jina lake, ikabaki Fountain Gate na kuweka makao Babati, mkoani Manyara.

Kwa hiyo shabiki wa Singida aliyenunua jezi mwaka 2023 naye aliona timu yake ikiondoka, akaletewa ya Mbarali. Tunalisema hili kwa sababu meseji nyingine zinawatukana watu wa Singida, na hatuoni kosa lao ni lipi. Wao hawakuulizwa, kama watu wa Ubaruku wasivyoulizwa.

Sasa, mtu anaponunua timu, ananunua nini hasa? Hanunui uwanja, kwa sababu viwanja vingi ni vya halmashauri, vya chama au vya kampuni nyingine. Hanunui mashabiki. Kikubwa anachopata ni nafasi ya kucheza kwenye ligi. Kuitafuta nafasi hiyo kuanzia ligi ya wilaya, mkoa, mabingwa wa mikoa, First League hadi Championship huchukua miaka, na pesa inaweza kuisha njiani. Mwenye haraka ananunua timu ambayo tayari iko juu. Pamoja na nafasi hiyo anapata mikataba ya wachezaji, na madeni kama yapo. Jina na uwanja wa nyumbani ni mambo ya kuombea kibali TFF na Bodi ya Ligi, na kibali kikitoka, timu inapakia mizigo.

Hapo ndipo tofauti ya aina za timu inapoanza kuuma. Simba na Yanga ni klabu za wanachama. Kuna kadi, kuna matawi, kuna mkutano mkuu. Serikali, kupitia kanuni za Baraza la Michezo la Taifa, iliweka kwamba klabu ya wanachama ikitaka mwekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Ndiyo maana mchakato wa Simba na Mohammed Dewji, uliotajwa kwa shilingi bilioni 20 mwaka 2017, ulipita kwenye mikutano na mabishano mengi. Mabishano yale yalichosha wasikilizaji, lakini yanaonyesha kuwa pale kuna watu wa kuulizwa.

Kuna timu za taasisi, kama Tanzania Prisons na Kagera Sugar. Hizi huenda anakotaka mwenye taasisi. Halafu kuna timu za mtu binafsi au kampuni. Mwenye mali akichoka au akipata bei nzuri, anauza, na shabiki hana pa kupiga kura. Kelele zake zote za jukwaani hazimo kwenye karatasi yoyote.

Wala si Ihefu peke yake. Tabora United iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023 ilitokana na Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro.

Huko nje kuna kisa ambacho mashabiki wa Uingereza hawajakisahau. Wimbledon, kitongoji cha London ambacho wengi wetu tunakijua kwa mashindano ya tenisi, kilikuwa na klabu ya mpira iliyochukua Kombe la FA mwaka 1988. Mei 2002 wenye klabu waliruhusiwa kuihamishia mji wa Milton Keynes, ikahamia kweli mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikaitwa Milton Keynes Dons. Mashabiki walikataa kuifuata. Mwaka 2002 huo huo walianzisha klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, ikaanzia ligi za chini kabisa. Mwaka 2011 ilifika ligi ya nne ya Uingereza, na Novemba 2020 ikarudi kucheza Plough Lane, mtaa ule ule wa zamani. Ni klabu inayomilikiwa na mashabiki.

Je, Ubaruku wangeweza hivyo? Kwa pesa ya London, hapana. Lakini hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kusajili timu kama klabu ya wanachama, yenye katiba. Timu nyingi za vijiji vyetu zinatembea na jina tu, huku barua, jezi na mihuri vikiwa nyumbani kwa mtu mmoja. Siku anapokuja mfadhili na basi, hakuna anayeuliza kitu.

Kama una timu kijijini, nenda kwa afisa utamaduni na michezo wa halmashauri, pale Igwachanya au Makambako, uulize imesajiliwa kwa jina la nani na katiba yake inasema nini kuhusu kuuza, kubadili jina na kuhama. Ikiwa imesajiliwa kama kampuni, taarifa za wamiliki zipo BRELA. Uliza kabla hamjachangishana nauli na jezi.

Singida Black Stars wanaendelea vizuri. Walimaliza nafasi ya nne msimu wa 2024/25, na Septemba 2025 wakachukua Kombe la Kagame. Kwa sisi wa huku, mechi ya Ligi Kuu iliyo karibu msimu wa 2025/26 ni hadi Mbeya mjini, uwanja wa Sokoine, kwa Prisons na Mbeya City. Wasiofika huko wako kibanda umiza, na baadhi yao bado wanavaa jezi iliyoandikwa Ihefu.