Mama katika Nadharia ya Saikolojia Changanuzi

Katika saikolojia changanuzi, elimu ya nafsi iliyoasisiwa na Sigmund Freud mjini Vienna mwishoni mwa karne ya 19, mama ni mtu wa kwanza ambaye mtoto humpenda, humhitaji, humchukia na kumwogopa, na ni kupitia kwake mtoto hupambanukiwa kuwa yeye ni yeye na mwenzake ni mwenzake. Waandishi wa taaluma hii humtaja mama kwa maana mbili, na mara nyingi huzichanganya. Kuna mwanamke halisi, anayenyonyesha, kubembeleza na kuchoka. Kuna pia taswira ya mama iliyomo akilini mwa mtoto, ambayo yaweza kuwa tamu au ya kutisha kuliko mwanamke mwenyewe alivyo. Mengi ya manufaa ya nadharia hii yametokana na kuichunguza taswira hiyo, na mengi ya madhara yake yametokana na kumhukumu mwanamke halisi kwa ushahidi wa taswira.

Freud: mama nyuma ya baba

Freud alizaliwa mwaka 1856 Freiberg, mji mdogo wa Moravia ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Alikuwa kifungua mimba wa Amalia Nathansohn, binti wa miaka 20 aliyeolewa na Jakob Freud, mfanyabiashara aliyekwisha kuwa na watoto wakubwa wa kiume. Mnamo Oktoba 1897, akiwa anajichunguza nafsi yake, alimwandikia barua rafiki yake wa Berlin, daktari Wilhelm Fliess, akamweleza kwamba ameona ndani mwake mapenzi kwa mama na wivu kwa baba, na kwamba anadhani jambo hilo humpata kila mtoto. Wazo hilo alilitangaza katika kitabu chake juu ya ndoto kilichotoka na tarehe ya mwaka 1900, akitumia kisa cha mfalme wa Kigiriki ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kupitia tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode.

Katika barua hizohizo za Oktoba yumo mwanamke wa pili ambaye vitabu vya utangulizi humpita haraka: yaya. Mwanamke huyu mtu mzima, Mkatoliki, ndiye aliyemlea Freud akiwa mdogo, akimpeleka kanisani na kumsimulia habari za Mungu. Mama alipokuwa amejifungua mtoto mwingine, yaya alishtakiwa kwa wizi, akafungwa. Freud alikumbuka akiwa amesimama mbele ya kabati akilia, kaka yake wa baba mmoja akilifungua, na mama hayumo. Mtoto alikuwa na hofu kwamba mama naye amefungiwa kama yaya. Ni kumbukumbu nzito: mtoto mwenye walezi wawili, amempoteza mmoja, anaogopa kumpoteza wa pili. Lakini nadharia ilipokuja kujengwa, yaya aliachwa nje, na mama mwenyewe akabaki kuwa kitu kinachogombewa na mwana na baba. Yeye anahisi nini, anataka nini, Freud hakuuliza sana.

Kwa upande wa wasichana, Freud alishikilia kuwa binti humgeukia baba kwa kuona kuwa mama amemnyima kiungo walicho nacho wavulana. Karen Horney, daktari wa Berlin, alimpinga waziwazi katika makala ya mwaka 1926. Alisema kuwa nadharia hiyo imeandikwa kwa macho ya mvulana mdogo, na kwamba wanaume nao huwaonea wanawake wivu kwa mimba, uzazi na unyonyeshaji. Hoja yake haikupewa uzito unaostahili kwa miongo kadhaa.

Freud mwenyewe alimkaribia mama taratibu. Katika kitabu cha mwaka 1920 alieleza mchezo wa mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa na kigogo kidogo cha mbao cha kuzungushia uzi, kimefungwa kamba. Alikirusha ndani ya kitanda chake chenye pazia hadi kisionekane, akitoa sauti ndefu ambayo mama yake na babu yake waliielewa kuwa ni neno la Kijerumani la kusema kitu kimekwenda. Kisha alikivuta kwa kamba na kukipokea kwa furaha. Freud aliona kuwa mtoto anaigiza kuondoka na kurudi kwa mama, akijipa mamlaka juu ya jambo ambalo maishani hana mamlaka nalo. Mama huyo, Sophie, binti yake Freud, alifariki kwa mafua makali Januari 1920, kabla kitabu hakijatoka.

Amalia alifariki Septemba 1930, akiwa na miaka 95. Freud hakwenda mazikoni. Alimtuma bintiye Anna. Mwaka uliofuata alichapisha makala juu ya ujinsia wa mwanamke, ambamo alikiri kuwa mapenzi ya kwanza ya msichana kwa mama yake ni marefu na mazito kuliko alivyodhani, na akaufananisha ugunduzi huo na kufukua ustaarabu wa Kriti uliofunikwa na ule wa Wagiriki.

Titi jema na titi baya

Aliyemleta mama katikati ya nadharia ni Melanie Klein, aliyezaliwa Vienna mwaka 1882 na kuhamia London mwaka 1926. Hakuwa na shahada. Alikuwa mama wa watoto watatu aliyeifikia taaluma hii kwa kutibiwa kwanza yeye mwenyewe. Alifanya kazi na watoto wadogo ambao hawawezi kulala kochini na kusimulia ndoto. Kila mtoto alikuwa na droo yake yenye vidoli vya watu, wanyama na magari madogo, na Klein aliusoma mchezo wao jinsi Freud alivyosoma ndoto.

Alilosema ni kwamba mtoto mchanga hamjui mama mzima. Anajua titi linaloshibisha, nalo ni jema lote. Anajua titi lisilokuja anapolia, nalo ni baya lote, na hasira yake humfanya aone kuwa titi hilo linamshambulia. Katika mwaka wake wa kwanza hutambua kwamba anayempenda na anayemchukia ni mtu mmoja. Hapo huja majonzi: nimemuumiza ninayempenda. Kutokana na majonzi hayo, kwa mujibu wa Klein, huzaliwa dhamiri, huruma na hamu ya kurekebisha kilichoharibika. Katika kitabu cha mwaka 1957 aliongeza kuwa wivu wa kwanza wa binadamu ni wivu juu ya wema wa mama, kwa kuwa ana kila kitu na anaweza kukizuia.

Nadharia yake ina nguvu kubwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna iliyoeleza vizuri zaidi kwa nini watu wazima huwagawa wenzao kuwa malaika na mashetani. Udhaifu wake ni kwamba mwanamke mwenyewe karibu anatoweka. Mmoja wa waliompinga vikali katika Chama cha Saikolojia Changanuzi cha Uingereza ni binti yake wa kumzaa, Melitta Schmideberg, naye akiwa mchanganuzi. Mabishano ya miaka ya Vita ya Pili ya Dunia kati ya wafuasi wa Klein na wa Anna Freud nusura yakivunje chama hicho.

Wilfred Bion, aliyefuata njia ya Klein, alimrudishia mama kazi ya akili. Mtoto akishikwa na hofu asiyoweza kuitaja, mama huipokea, huitafakari, kisha humrudishia ikiwa imepunguzwa makali, kwa sauti, kwa mkono, kwa kumnyonyesha.

Winnicott na mama anayetosha

Donald Winnicott (1896–1971) alikuwa daktari wa watoto, na kwa miaka 40 alipokea akina mama na watoto wao katika hospitali ya Paddington Green, London. Katika makala ya mwaka 1941 alieleza alichokuwa akikifanya kliniki. Mama huketi kwenye pembe ya meza, amempakata mtoto. Ukingoni mwa meza kumewekwa kibao cha chuma kinachong'aa, cha kukandamizia ulimi wakati wa kupima koo. Mama ameombwa asiseme wala kumsaidia mtoto. Mtoto hunyoosha mkono, kisha husita. Humtazama daktari, humtazama mama, pengine huficha uso kifuani. Akiachwa bila kuharakishwa, mate huanza kumtoka, hukichukua kibao, hukitafuna, hukigonga mezani, hujaribu kumlisha mama na daktari. Mwishowe hukiangusha, mwanzo kama kwa bahati mbaya, halafu kwa makusudi. Winnicott alijali zaidi kile kipindi cha kusita. Mtoto anayeachiwa nafasi ya kusita hukipata kitu kama chake; anayeshikizwa kwa nguvu hunyang'anywa hamu yake.

Hapo ndipo penye kiini cha mafundisho yake. Alikuwa akisema hakuna kitu kinachoitwa mtoto mchanga peke yake, kwa maana ukimwona mtoto utamwona na anayemlea. Mama anayemzungumzia si mama mkamilifu bali mama anayetosha: mwanzoni hujitoa karibu kabisa, kisha taratibu hukosea na kuchelewa kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kukivumilia, na kwa makosa hayo madogo mtoto hujifunza kuwa dunia haitoki kichwani mwake. Kipande cha blanketi au kidoli ambacho mtoto hakubali kitenganishwe naye, Winnicott alikiita kitu cha mpito, kinachosimama kati ya mtoto na mama.

Makala yake ya mwaka 1949 inaorodhesha sababu 18 za mama kumchukia mtoto wake. Mtoto humuumiza chuchu; humtumia kama kijakazi; humsumbua asubuhi nzima, kisha akitoka nje humchekea mpita njia ambaye husema mtoto huyu ni mzuri kweli. Winnicott hakuandika hivyo kuwalaumu wanawake. Alitaka ieleweke kuwa mama anaweza kubeba chuki hiyo bila kuitenda, na kwamba mtoto anahitaji mama aliye mtu. Kuanzia mwaka 1943 alizungumza na akina mama kupitia redio ya BBC, akiwahimiza wasiwaachie wataalamu jambo wanalolijua wao.

Vita, hospitali na Buganda

Vita ya Pili ya Dunia iliigeuza hoja ya vitabuni kuwa suala la serikali. Watoto wa Uingereza walipohamishwa mijini kukwepa mabomu, Winnicott, John Bowlby na Emanuel Miller walionya Desemba 1939 kuwa kuwatenganisha walio chini ya miaka mitano na mama zao kuna hatari yake. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto katika vituo vya Hampstead, waliona kuwa wengi waliumizwa zaidi na kutengwa na mama kuliko na mabomu. René Spitz alifuatilia kituo cha watoto 91 waliolishwa na kutunzwa kwa usafi lakini bila wa kuwapakata. Zaidi ya theluthi moja walifariki ndani ya miaka miwili. Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani (WHO) ripoti juu ya suala hilo mwaka 1951, na filamu ya James Robertson ya mwaka 1952, juu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa bila wazazi, ilisaidia kubadili saa za kutembelea wagonjwa watoto.

Mtafiti mwenza wa Bowlby, Mary Ainsworth, alifika Kampala mwaka 1954 mumewe alipopata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Alitembelea familia 26 za Waganda vijijini, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa, akikaa sebuleni na kuzungumza na akina mama kupitia mkalimani. Aliona mtoto akitambaa kwenda mbali na mama kisha kurudi, akimfanya mama kituo cha kuanzia safari. Aliona pia kuwa watoto waliotulia ni wa akina mama walioweza kueleza habari za watoto wao kwa undani. Na aliandika wazi kuwa watoto wengi walishikamana na zaidi ya mtu mmoja: baba, bibi, dada. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967, lakini jaribio lake la baadaye la Baltimore, la mama mmoja na mtoto mmoja katika chumba cha maabara, ndilo lililosambaa vyuoni.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo si dogo. Robert LeVine na wenzake walipochunguza malezi ya Wakisii nchini Kenya katika miaka ya 1970, waliwakuta mama wanaomtuliza mtoto kwa mwili na kumnyonyesha upesi, lakini wanaogeuza macho anapochangamka kupita kiasi. Kwa kipimo cha maabara ya Marekani mama huyo angeonekana baridi. Kwa lengo la kwao, mtoto mtulivu atakayelelewa na dada zake mama akiwa shambani, alikuwa anafanya kazi yake barabara.

Lawama, na sauti ya mama

Kwa kuwa chanzo cha kila kitu kilitafutwa kwa mama, kila ugonjwa nao ulipelekwa kwake. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayesababisha skizofrenia. Bruno Bettelheim, katika kitabu cha mwaka 1967, aliufananisha usonji na hali ya wafungwa wa kambi za mateso, akiweka chanzo chake katika ubaridi wa wazazi. Utafiti uliofuata ulizitupa nadharia hizo zote mbili. Wanawake waliokwisha kuambiwa kuwa wamewaharibu watoto wao hawakuombwa radhi.

Marekebisho yalitoka kwa wanawake wenyewe. Nancy Chodorow, mwaka 1978, aliuliza kwa nini ulezi umeachiwa wanawake tu na jambo hilo linajengaje nafsi za wavulana na wasichana. Jessica Benjamin, mwaka 1988, alidai mama atambuliwe kuwa nafsi yenye matakwa yake. Rozsika Parker, mwaka 1995, aliichukua orodha ya Winnicott na kuisoma kutoka upande wa mama: hisia zake kinzani, zikikubaliwa, humfanya amfikirie mtoto wake vizuri zaidi.

Vyuoni mwetu nadharia hii hutumika zaidi katika kuhakiki riwaya na tamthilia kuliko katika kutibu. Mwanafunzi anayemshika mhusika fulani na kusema ameharibiwa na mama yake anapaswa kwanza kuonyesha katika matini ni mama yupi anayemzungumzia, aliyemo kichwani mwa mhusika au mwanamke aliyeandikwa na mwandishi, na nani wengine walikuwa nyumbani humo wakilea.