Gotch, Robinson na Sare ya Mwaka 1971

Imekuwa ada miongoni mwa waandishi wa tarehe ya mieleka ya Japani kunasibisha ufundi wote wa kukamatana chini, kukunja viungo na kumlazimisha mtu asalimu amri, na mwanamieleka Karl Gotch peke yake, hata Wajapani wakampa lakabu ya Mungu wa Mieleka. Na dai hilo, kwa jinsi lilivyokaririwa, hapana athubutuye kulihoji. Mimi nalihoji, nikichochewa na kitabu kisichosomwa sana, Physical Chess, alichokitoa mwanamieleka Billy Robinson mwaka 2012, miaka miwili kabla ya kufariki.

Habari za mwanamieleka Rikidozan, aliyewakusanya Wajapani mbele ya televisheni baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi mauti yalipomfika mwaka 1963, zajulikana. Linalonishughulisha ni shirika dogo la Kokusai Puroresu la Isao Yoshihara, ambalo, kwa kuwa halikuwa na mwenyeji wa kulingana na nyota kama Giant Baba wala Antonio Inoki, lilithubutu mwaka 1968 kumfanya Mwingereza Robinson kuwa bingwa wake wa kwanza wa dunia, tena kipenzi cha watazamaji, ilhali kabla ya hapo mgeni aghalabu aliletwa ulingoni ili azomewe.

Mwaka 1971 shirika hilo liliwakutanisha, katika mashindano yake ya tatu ya dunia, Robinson mwenye miaka 32 na Gotch mwenye 46. Na wote wawili walikuwa wamepitia chuo kimoja, ukumbi wa mwalimu Billy Riley ulioitwa Shimo la Nyoka, huko Wigan, mji wa wachimba makaa ya mawe. Gotch, mzaliwa wa Antwerp aliyeiwakilisha Ubelgiji katika Olimpiki ya London mwaka 1948, aliingia humo akiwa mtu mzima mwenye sifa zake. Robinson aliingia kijana kutoka Manchester, wa ukoo wa mabondia, ambaye jeraha la jicho lilikuwa limemfungia njia ya ndondi.

Walipokutana walitoka sare, na taji la mashindano likachukuliwa na jitu la Kifaransa, Monster Roussimoff, ambaye ulimwengu ungemjua baadaye kwa jina la André the Giant. Wapo wasemao kuwa sare ile ilikuwa hila ya tajiri asiyetaka kuiharibu bidhaa yake yoyote. Nami sikatai, kwani matokeo ya mieleka ya namna hii hupangwa kabla, walakini mapatano huamua mwisho tu, hayamfundishi mtu namna ya kuugeuza mkono uliokwisha kushikwa. Wapo pia wanaodai kwamba mzee alimhurumia kijana: hao hawastahili jibu. Kwangu mimi sare ile yashuhudia kuwa elimu iliyokuja Japani ilikuwa ya Riley, nayo ilikuja kwa mikono miwili: Gotch akiutukuza mwili ulioteswa kwa mazoezi yasiyokwisha, Robinson akiitukuza pembe, mizani ya uzito, na jibu lililokwisha kuandaliwa kabla ya swali.

Kwa nini basi akakumbukwa mmoja? Kwa sababu tarehe 6 Machi 1972 Inoki alipolifungua shirika lake jipya, Gotch ndiye aliyepambana naye na kumshinda, kisha akawa mwalimu katika shirika hilo. Na wanafunzi wa shirika lenye nguvu ndio waandikao silsila. Robinson naye alipambana na Inoki tarehe 11 Desemba 1975 kwa dakika 60 bila mshindi, pambano ambalo wajuzi wengi hulisifu kuliko yote ya Inoki, lakini Kokusai Puroresu lilikufa mwaka 1981, na bingwa wake wa kwanza akabaki bila wa kumsemea.

Hata hivyo Robinson alirudi Japani kufundisha katika miaka ya 1990, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni mpiganaji Kazushi Sakuraba, ambaye tarehe 1 Mei 2000, katika Tokyo Dome, alimchosha mpiganaji wa Brazili, Royce Gracie, kwa dakika 90, mpaka upande wa Mbrazili ukarusha taulo. Na pambano hilo halikupangwa na tajiri yeyote.