Kalamu na Karamu: Mchezo wa Herufi katika Mkoa wa Mara

Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi peke yake. Michezo ya maneno nayo ni sehemu ya utamaduni huo, kwani humo ndimo watu wanamojifunza kusema, kufikiri na kuheshimiana. Kabla ya kalamu kuingia katika nchi yetu, wazee walikwisha kuwa na vitendawili na mafumbo, na anayeshindwa kutegua alitoa mji. Katika insha hii twapenda kueleza mchezo mdogo uliokuja baadaye, mchezo wa kuunda maneno kwa kadi za herufi, na jinsi ulivyotufaa sisi watu wa Mara.

Michezo ya namna hii ilianza zamani huko ng'ambo. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakichezea herufi sebuleni mwao. Katika miaka ya 1930 Uingereza ilipata karata za herufi zilizoitwa Lexicon, na Mmarekani Alfred Butts akabuni mchezo wa ubao ambao tangu 1948 umejulikana kwa jina la Scrabble. Lakini kwetu kadi za herufi hazikuingia kwa mlango wa sebule. Zilikuja na kisomo.

Hesabu ya watu ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 mradi wa majaribio ya kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianzishwa mjini Mwanza kwa ajili ya mikoa ya kandokando ya Ziwa, na Mara ilikuwa mojawapo. Vitabu vyake vilihusu pamba, uvuvi, ng'ombe na migomba, ili mtu asome habari za kazi yake mwenyewe. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na ule wa 1977 asilimia 27.

Sisi tulikuwa watoto wadogo wakati huo, karibu na Bunda, katika nchi ya pamba. Mama yetu alikuwa mwanakisomo. Darasa lilikuwa chini ya mti, na mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Hapo palikuwa na tatizo ambalo vitabu havikulitaja. Kijana aliyewaamkia wanafunzi wake "Shikamoo" angewezaje, dakika chache baadaye, kumwambia mzee kwamba amekosea? Ndipo alipokata maboksi, akaandika herufi, akaufanya mchezo. Tangu siku ile aliyekosoa alikuwa kadi, si kijana.

Kanuni zake ni nyepesi. Kiswahili kina herufi 24 tukihesabu CH kuwa moja, kwa maana Q na X hatuna. Kadi ni 100: A ziwe 11, E, I, O na U ziwe nane nane, na kila moja ya konsonanti 19 iwe na kadi tatu. SH, NY na NG huundwa kwa kadi mbili. Wachezaji ni wawili hadi sita, kila mmoja hupewa kadi saba, na zilizobaki hufunikwa katikati. Mchezaji hulaza neno, kisha huokota kadi kufidia alizotumia. Asiye na neno huokota moja na kupisha mwenzake. Kila herufi ni alama moja.

Utamu wa mchezo umo katika kurefusha. Mmoja akilaza LIMA amepata alama nne. Wa pili akiweka KU mbele, neno ni KULIMA, naye hupata sita. Wa tatu mwenye M moja tu mkononi huipachika mwanzoni, akavuna alama saba za MKULIMA. Hivyo mwanafunzi huona kwa macho yake jinsi Kiswahili kinavyojenga maneno juu ya mzizi. Majina ya watu na ya mahali hayaruhusiwi, na neno likibishaniwa mwamuzi hukata shauri. Tangu 1981 tunayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya kutuamulia.

Lugha kadhaa za mkoa wetu hazitenganishi L na R kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Siku moja mzee mmoja alikusudia kuandika kalamu, akalaza KARAMU. Mwalimu hakusema amekosea. Aliuliza kwa adabu, "Mzee, unatualika kula?" Watu wakacheka, na mzee akacheka kuliko wote. Aliiondoa R, akaweka L, akasema, "Haya, lakini bila kalamu hamtaiona karamu."

Siku nyingine SOMA ilikuwa mezani, na mama mmoja akaongeza MU mbele yake. Wakambishia kwamba Musoma ni mji. Wazee hueleza kuwa jina hilo latokana na rasi iliyoingia ziwani, wala si kusoma vitabu. Alama alinyimwa, lakini neno lenyewe liliachwa pale hadi jioni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuliondoa.

Tusidhani kwamba hayo yalikuwa maskhara matupu. Kabla ya kisomo, mama yetu alipopeleka pamba kituoni alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akapokea alichopewa. Msimu uliofuata alisoma stakabadhi yake mbele ya karani, polepole, herufi kwa herufi, akaona kilo zilizoandikwa si zile zilizotajwa penye mizani. Alisema, "Mwanangu, hapa pamekosewa." Karani alisahihisha. Njiani kurudi nyumbani mama hakusema neno, ila tuliona kwamba stakabadhi ile alikuwa ameishika mkononi wala hakuifunga katika pindo la kanga.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipenda bao, naye huyo huyo alipima mizani za Kiswahili alipofasiri tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mchezo na elimu havikugombana katika maisha yake.

Madarasa ya kisomo yalilegea baadaye, na wengi waliojua kusoma wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Kwa hiyo twawaomba walimu na wanafunzi wakate kadi 100 na kuzipeleka nyumbani, wala wasizifungie kabatini mwa shule. Wakae na wazee wao, wawaamkie kwanza, kisha wagawe saba saba. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lugha ni kwetu, nasi tuicheze.