Mbele ya kuchora afishi: maulizo ya kwanza katika kazi ya matangazo

Kazi ya matangazo haianzi na rangi wala logo. Inaanza na maulizo. Hatua hiyo ya kwanza ni uchunguzi: kusikiliza na kuangalia watu mbele ya kushika kalamu. Kisha unakuja mpango, ni kusema karatasi yenye kuandika nani tunamulenga, tunataka afanye nini, kwa lugha gani, kwa makuta ngapi na mpaka tarehe gani.

Sababu gani uchunguzi ni wa lazima?

Ebola ilifundisha wengi. Mwaka 2014, katika Guinea, Liberia na Sierra Leone, matangazo ya kwanza yalisema kwamba ugonjwa huo hauna dawa na unaua. Yalikuwa ya kweli, lakini familia nyingi zilijiuliza: kama dawa hakuna, kumpeleka mgonjwa hospitalini ni kwa faida gani? Wengine wakabaki nao nyumbani. Nyuma, ujumbe ulibadilishwa: anayefika mapema ana nafasi ya kupona.

Kwetu, ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia CUBE, chumba cha plastiki ambacho familia inaweza kuona mgonjwa wake akiwa ndani. Hofu ya watu ilikuwa ya kutojua kinachofanyika ndani ya kituo. Afishi peke yake haingeweza kuondoa hofu hiyo. Ilifaa chumba chenyewe kibadilike.

Kwa chama kidogo

Tuchukue mfano wa wamama wanaotengeneza sabuni na wanaotaka etiketi mpya.

1. Waulize wanunuzi, si ndugu na marafiki tu. Ndugu atasifu.
2. Wakae sokoni nusu siku. Mnunuzi anashika nini kwanza? Ananusa? Anauliza bei kwa franka ao kwa dola?
3. Waulize wasionunua pia. Pengine shida si etiketi, ni sabuni inayoisha mbio.
4. Waandike mpango na mchoraji: nani anakubali kazi, masahihisho mara ngapi, malipo lini.
5. Waonyeshe mchoro wa kwanza kwa watu watano ao sita bila kueleza kitu. Waulize: «Hapa unaelewa nini?» Kama majibu hayafanane na yale chama kilitaka kusema, mchoro urudi mezani.

Lugha nayo inachunguzwa. Kifaransa kinapendeza kwenye karatasi, lakini mwenye kununua anaongea Kiswahili cha hapa, ao Kinande, ao Mashi.

Kurekebisha mchoro kunaomba saa moja. Etiketi elfu moja zikiisha kutoka imprimeri na kosa, makuta ya chama yamekwenda, na hakuna mtu wa kuyarudisha.