Skrini Nyeusi Ina Historia Yake

Kila wiki lazima kuna mtu ananiandikia: "Nimeunganisha mashine yangu mwenyewe, nimeweka Linux, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini nyeusi tii. Nimeharibu nini?" Jibu langu huwa lile lile. Pengine hujaharibu kitu. Umeingilia tu ugomvi ulioanza kabla hujazaliwa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1984, chuo cha MIT kule Marekani, walianza kutengeneza mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini, wakauita X. Toleo la 11 likatoka 1987, ndiyo maana mpaka leo unasikia X11. Linux yenyewe Linus Torvalds aliitangaza 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki. Yaani mchoraji ni mkubwa kwa umri kuliko nyumba anayoichorea! Na mchoraji huyo hakuijua monita yako. Ilibidi ufungue faili, uandike kwa mkono kasi za monita, ya mlalo na ya wima, ukizisoma kwenye kijitabu chake. Miongozo ya wakati ule ilionya waziwazi: ukikosea namba, monita ya kichogo inaweza kuungua. Sasa fikiria uko Amu, monita umeivusha kwa boti kutoka Mokowe, punda kaibeba mpaka mlangoni, halafu inauliwa na mstari mmoja wa maandishi.

Mwaka 1994 ukaja utaratibu unaoitwa EDID. Monita ikaanza kujitambulisha yenyewe kupitia waya: ukubwa wangu huu, kasi zangu hizi. Ndiyo maana kebo ya VGA iliyovunjika pini inakupa picha, lakini imeganda kwenye 1024 kwa 768 na haitaki kupanda. Salamu za monita hazifiki. Badilisha kebo kabla hujagusa programu yoyote.

Halafu 2009. Hapa ndipo wengi wenu mnapokwama bila kujua. Kazi ya kupanga skrini ilianza kuhamia ndani ya kerneli, moyo wa Linux, ikianza na kadi za Intel. Faida yake mashine inawaka bila kumetameta. Hasara yake, kerneli isipoelewana na kadi yako, giza linaingia mapema sana, kabla hujaona hata dirisha moja. Dawa ya muda: kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwisho wake ongeza nomodeset, kisha Ctrl na X. Unaiambia kerneli: tulia, usiguse skrini kwanza. Picha ikija mbaya mbaya, shukuru. Sasa unajua tatizo ni draiva na si umeme.

Na kwa nini kerneli haielewani na kadi? Mara nyingi ni siri. Kampuni za kadi zilificha maelezo ya vifaa vyao kwa miaka, watu wakalazimika kuandika draiva kwa kubahatisha na kuchunguza. Mwaka 2012, mbele ya kamera kwenye Chuo Kikuu cha Aalto, Torvalds aliionyesha Nvidia kidole cha kati. Si adabu, lakini hasira ilikuwa na sababu. Ilifika Mei 2022 ndipo kampuni hiyo ilipofungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kerneli. Miaka kumi, jamani.

Huku kwetu kuna adui mwingine ambaye hayumo kwenye historia za Helsinki: chumvi. Hewa ya bahari inakula meno ya kadi na ya RAM. Zima, chomoa umeme, toa kadi, futa meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka usikie imekaa. Na hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kijana mmoja wa Langoni alikuwa tayari anatafuta mnunuzi wa mashine yake nzima, na vifaa alikuwa ameagiza kimoja kimoja kutoka Luthuli, Nairobi, karibu mwaka mzima.

Kilichomtisha hasa ni maandishi. Alibonyeza Ctrl, Alt na F3, ikaja mistari myeupe ya Kiingereza kigumu, akaona mashine imekufa. Wakati ile ndiyo ilikuwa dalili kwamba iko hai!

Hapo ndipo na mimi nina neno. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili. Kazi kubwa, na naiheshimu. Lakini Kiswahili kile kilikaa kwenye madirisha, na madirisha ndiyo ya kwanza kupotea. Skrini ikizima lugha yetu inazima nayo, na unabaki na kerneli inayokusemesha Kiingereza cha wahandisi saa sita usiku.

Kwa hiyo nimeanza daftari. Natumia amri ya journalctl -b kusoma kilichotokea tangu mashine iwake, na lspci -k kujua kadi gani imepewa draiva gani, kisha kila ujumbe wa skrini naueleza kwa Kiswahili cha kawaida. Ukikwama, piga picha ya maandishi kwa simu unitumie, hata kama imetoka na mtikisiko.