Kutoka kwa Lodi hadi Ruiru: Nani Ameishika Njia ya Maziwa Kenya

Simama mbele ya friji ya duka kubwa jijini Nairobi usome majina kwenye pakiti na vikombe: Brookside, Tuzo, Ilara, Molo, Delamere. Asiyejua atadhani ni kampuni tano zinazogombania chai yake. Kumbe zote ni za nyumba moja, Brookside Dairy ya Ruiru, kampuni iliyoanzishwa na familia ya Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya. La ajabu kuliko yote ni hilo jina la mwisho. Delamere alikuwa lodi wa Kiingereza, kiongozi wa walowezi, na serikali iliyolinda mashamba ya walowezi ndiyo iliyomfunga Kenyatta mwaka 1953. Leo jina la lodi linauzwa dukani na jamaa za mfungwa.

Mwenye kuliona jambo hili kama kisasi cha historia atakuwa ameharakisha. Tangu enzi za lodi hadi leo, utajiri wa maziwa nchini Kenya haujakaa kwenye kiwele cha ng'ombe. Umekaa njiani, kati ya lango la mkulima na kikombe cha mnywaji wa mjini, na kila zama imekuwa na mwenye kuishika njia hiyo.

Hugh Cholmondeley, Delamere wa tatu, alipata ardhi Njoro mwaka 1903 akaleta mifugo ya kizungu kwa gharama kubwa. Ikafa. Iliyoponea ndigana na homa ya mapafu ilikondeana katikati ya majani mabichi, kwa sababu udongo wa pale ulipungukiwa na madini. Wamaasai walikuwa wamelijua hilo kitambo, ndiyo maana hawakuwa na haja ya kulisha pale, ila hakuna aliyewauliza. Walichoulizwa, kama kuuliza ni neno lenyewe, ni kuhama: mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa kwenye malisho bora ya Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Lodi naye akajaribu ngano, akapata hasara tena, hatimaye akatulia Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, ambako ng'ombe wake walinawiri.

Ila ng'ombe kunawiri ni jambo moja na maziwa kufika sokoni ni jingine. Mwaka 1925 walowezi waliungana wakaanzisha Kenya Co-operative Creameries huko Naivasha, ile KCC ambayo jina lake lingekuja kuwa sawa na maziwa yenyewe katika vinywa vya Wakenya. Krimu iligeuzwa siagi, siagi ikapelekwa ng'ambo. Kwa jina ulikuwa ushirika, kwa vitendo ulikuwa uzio. Mwafrika hakuruhusiwa kwa urahisi kufuga ng'ombe wa gredi, yaani wenye damu ya kizungu, na maziwa yake yalihesabiwa kuwa machafu hata kabla hayajapimwa. Sheria ya mwaka 1958 iliunda Bodi ya Maziwa ya Kenya na kuimarisha mpangilio ambao miji mikubwa ilinywa maziwa ya kiwandani, huku anayebeba mkebe kwa baiskeli akihesabiwa mhalifu. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya ya umma. Afya ilikuwemo, siwezi kukataa, kwani kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela si hadithi za kutungwa. Lakini sheria hiyo ilimlinda pia mwenye kiwanda dhidi ya mshindani wa bei nafuu, na sehemu hiyo ndiyo iliyotekelezwa kwa bidii zaidi.

Mlango ulifunguliwa kidogo katikati ya vita vya Mau Mau. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka kumtuliza mkulima wa Kiafrika kwa hati za ardhi, kahawa na ng'ombe wa gredi. Nia yake ilikuwa ya kisiasa, na matokeo yake yaliwazidi waliouandika. Friesian, Ayrshire, Guernsey na Jersey waliingia kwenye mashamba madogo ya Kiambu na Nyeri, wakafungiwa zizini na kulishwa majani ya Napier yanayokatwa kingo za shamba. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, walowezi wengi waliuza mashamba yao, na KCC ikaanza kupokea maziwa ya kila mwenye ng'ombe mmoja au wawili. Huyo mkulima mdogo ndiye aliyeifanya Kenya mojawapo ya nchi zinazokunywa maziwa mengi zaidi barani Afrika. Na haya ni maziwa ya chai hasa. Chai ya rangi, kwa nyumba nyingi za Kenya, ni dalili kwamba mwisho wa mwezi uko mbali.

Mwaka 1979 Rais Moi akaanzisha maziwa ya bure shuleni, na kizazi kizima kikakua kikiyaita maziwa ya Nyayo. Waliosoma miaka hiyo bado wanazikumbuka pakiti za pembe tatu, na namna zilivyogeuka silaha pindi mwalimu akigeuza mgongo. Kwa KCC, mpango huo ulikuwa soko kubwa na mzigo mkubwa kwa wakati mmoja. Shirika lilikuwa limeshakuwa chombo cha siasa: vyeo vilitolewa kwa wenye kujuana, na malipo ya wakulima yakachelewa mwezi, kisha miezi. Serikali ilipoachia bei na kuondoa ukiritimba wa miji mwaka 1992, KCC iliingia kwenye ushindani ikiwa tayari inachechemea.

Mwaka uliofuata, 1993, Brookside ilianza Ruiru.

Familia ya Kenyatta haikuanza mikono mitupu. Ilikuwa na mashamba makubwa kandokando ya barabara ya Thika, ilikuwa na ng'ombe wake, na soko la Nairobi lilikuwa pua na mdomo. Hata hivyo, wenye ardhi na ng'ombe karibu na Nairobi walikuwa wengine pia. Nadhani kilichoitofautisha Brookside ni kusoma mapema kwamba KCC ingeanguka, na kwamba siku ikianguka maelfu ya wakulima wangekuwa barabarani na madebe yao wakitafuta wa kuwapokea. Mkulima wa maziwa hana anasa ya kusubiri. Kahawa hukaa ghalani, lakini maziwa ya asubuhi huganda jioni. Ukimfikia kwa lori, ukamjengea kituo cha kupozea na ukamlipa, umeshampata.

KCC ikawekwa chini ya mfilisi mwishoni mwa miaka ya 1990, ikauzwa kwa watu binafsi kwa bei iliyozua malalamiko, na serikali ya Mwai Kibaki ikairudisha mikononi mwa umma mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Brookside nayo ikawa inameza wenzake mmoja baada ya mwingine. Tuzo ikaingia, Ilara ikaingia, jina la Delamere likaingia. Mwaka 2013 ikanunua biashara ya Molo Milk kwa takriban shilingi bilioni 1.1. Julai 2014 Danone ya Ufaransa ikachukua asilimia 40 ya hisa, familia ikabaki na nusu, na asilimia 10 ikawa ya kampuni ya uwekezaji ya Abraaj. Kufikia hapo, Brookside ilikuwa ikikusanya maziwa kutoka kwa wakulima wapatao 140,000. Mwaka 2015 ikavuka mpaka na kununua kiwanda cha Sameer mjini Kampala, kinachotengeneza Fresh Dairy, ambacho zamani kilikuwa mali ya shirika la serikali ya Uganda.

Angalia tarehe hizo. Uhuru Kenyatta, mwana wa Mzee Jomo, alikuwa rais kuanzia 2013 hadi 2022. Kampuni ilisimamiwa na mdogo wake, Muhoho, na upanuzi ulianza zamani kabla ya Uhuru kuingia Ikulu, hivyo kusema kwamba urais ndio uliozaa Brookside ni uvivu wa kufikiri. Lakini pia si haki kumtaka mkulima asiulize. Bei ya maziwa ilipoanguka, na mnunuzi mkubwa zaidi alikuwa wa nyumba ya rais, ambaye serikali yake ilikuwa na sauti juu ya ushuru wa maziwa ya unga kutoka nje, swali lilijiuliza lenyewe. Liliulizwa kwa sauti mwanzoni mwa 2020, wakulima walipolalamika kwamba bei imeshuka kupita kiasi na maafisa wa Kenya wakakamata shehena za maziwa ya Lato kutoka Uganda. Kampala ilikasirika. Brookside yenyewe, yenye viwanda pande zote mbili za mpaka, ilikuwa katika nafasi ambayo mfanyabiashara yeyote angeitamani.

Pamoja na ukubwa huo wote, maziwa mengi yanayouzwa Kenya hayapiti kiwanda chochote. Yanauzwa na jirani, na mchuuzi wa pikipiki, na vibanda vya mtaani, na mashine za kujipimia ambazo humwezesha mama wa Kayole kununua maziwa ya shilingi 20. Na hata upande wa viwanda Brookside haiko peke yake: Githunguri, Kiambu, ushirika wa wakulima ulijenga kiwanda chake na kuleta sokoni maziwa ya Fresha, tena jirani kabisa na Ruiru.

Machi 2023, wakati wa maandamano ya upinzani, kundi la watu lilivamia shamba la familia ya Kenyatta la Northlands, karibu na Ruiru, likakata miti na kuondoka na kondoo huku kamera zikipiga picha mchana kweupe. Waliovamia walilenga jina, na jina walilipata. Lakini shamba hilo lilikuwa limeshapangiwa kugeuzwa mji wa nyumba, maduka na ofisi. Maziwa mengi yanayojaza pakiti za Brookside yanatoka kwa watu wengine, kwenye vishamba vya ekari moja au mbili, na lori huyafuata kila asubuhi.