V Moja

Ilianza na picha. Mwenzetu mmoja alileta kwenye kikao cha klabu picha ya baba mzazi wa bibi yake, mzee aliyetoka Tabora akaenda vita ya Bama pamoja na Keya. Keya ni jina ambalo wazee wetu walilipa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa na Waingereza mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na ya Kati. Katika ukoo wa mwenzetu, mzee huyu anajulikana kuwa alikuwa kapteni. Bibi anasema hivyo, wajomba wanasema hivyo, na mwenzetu mwenyewe aliwahi kuandika hivyo katika insha ya kuombea nafasi ya chuo. Picha ni ndogo na imekunjika pembe moja, lakini mkono wa shati unaonekana vizuri. Una V moja.

Mwanachama mwingine, ambaye ni askari wa akiba katika jeshi la Marekani, aliitazama kidogo tu akacheka, kisha akaona haya. V moja kwa Waingereza ni lansi-koplo, ngazi ya kwanza kabisa juu ya askari wa kawaida. V mbili ni koplo, tatu ni sajenti. Kapteni havai V. Tulipoanza kusoma tukakuta jambo zito zaidi: wakati wa vita ile, mlango wa kamisheni ulikuwa umefungwa kwa askari Mwafrika wa Keya, hata awe shujaa namna gani. Maafisa walikuwa Wazungu.

Mwenzetu alinyamaza. Aliyemwokoa ni yule yule aliyecheka. Alisema V moja si mchezo, na yeye mwenyewe angeitaka. Cheo alicho nacho kinamlipa sawa na koplo lakini si koplo, hana mtu hata mmoja wa kumwongoza. Alikuwa ameomba mara mbili apewe kikundi cha watu wanne, akaambiwa asubiri. Akatuuliza: hao wa Keya, ambao milango yao mingi zaidi ilikuwa imefungwa, walifanyaje wakapata hata hiyo moja? Insha hii ni jaribio letu la kumjibu.

Tuanze na neno, kwa kuwa sisi ni klabu ya Kiswahili. Kabla ya koplo kulikuwa na ombasha. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alipokusanya jeshi la Wajerumani la kupigana pwani ya Tanganyika, wengi wa askari wake wa kwanza walikuwa Wasudani walioajiriwa kutoka Misri, nao walikuja na vyeo vya Kituruki: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, na juu kabisa efendi. Ombasha kwa Kituruki ni *onbaşı*, yaani kichwa cha watu kumi. Sasa angalia: katika Vita ya Pili ya Dunia, seksheni ya askari wa miguu katika jeshi la Waingereza ilikuwa na watu wapatao kumi, na mkubwa wao alikuwa koplo. Kiingereza kilibadilisha jina, ile kumi ikabaki. (Mmoja wetu alikumbusha hapa balozi wa nyumba kumi wa Tanzania. Hatudai kwamba vina asili moja. Tunasema tu kwamba kumi inaonekana ni idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuijua kwa majina, na kwa nani anakoroma.)

Lansi-koplo alikuwa chini ya huyo koplo. Kazi yake ya kawaida vitani ilikuwa kusimamia bunduki ya Bren: mfyatuaji mmoja, msaidizi mmoja wa kubeba na kubadilisha magazini, na yeye mwenyewe wa kuwaambia walale wapi, wapige lini, wahame lini. Koplo akianguka, seksheni nzima inakuwa yake hapo hapo. Basi V moja ilikuwa na maana ya watu wawili, na uwezekano wa wanane.

Mtu aliipataje? Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, maana hakuna njia moja. Njia ya zamani ilikuwa kukaa sana na kujua gwaride. Waingereza walikuwa na imani yao kwamba makabila fulani ni ya kivita na kwamba mtu asiyesoma hutii vizuri zaidi kuliko aliyesoma, kwa hiyo katika vikosi vya bunduki kijana wa shule alitazamwa kwa wasiwasi. Vita ikavuruga imani hiyo. Jeshi la magari, redio na hospitali haliendi bila watu wanaosoma. Ghafla aliyemaliza darasa chache kwa wamisheni alitakiwa awe karani, fundi, mtu wa mawasiliano, na V zilimfikia haraka kuliko mwenzake wa vikosi vya miguu aliyetangulia kuingia.

Kisha kulikuwa na darasa lenyewe. Jeshi liliunda idara ya elimu, na wakufunzi Waafrika wakafundishwa Jeanes School, Kabete, karibu na Nairobi, ili wakawafundishe askari wenzao kambini. Kwa maoni yetu hii ndiyo nafasi iliyokuwa tamu kuliko zote. Fikiria kijana ambaye hana amri juu ya mtu yeyote, lakini jioni ameshika chaki, na mbele yake wamekaa watu wanaotaka kuandika barua nyumbani kwa mikono yao wenyewe, wapo wakubwa wake kwa umri na hata kwa cheo. Hakuna aliyemwita kamanda. Lakini wakishazoea kumsikiliza saa moja jioni, asubuhi hawaoni ajabu kumsikiliza tena.

Na kulikuwa na lugha. Amri na mazungumzo ya Keya yalikuwa ya Kiswahili, isipokuwa katika vikosi vya Nyasaland vilivyotumia Kichinyanja. Maafisa wa Kizungu walilazimika kujifunza, na Kiswahili chao, pamoja na kile cha askari waliotoka mbali na pwani, kilizaa Kikeya, ambacho wasomi wa Kiswahili hawakukipenda hata kidogo. Sisi tuliokulia ughaibuni hatuna haki ya kukicheka. Pale ambapo afisa anasema nusu na kuruti mpya anaelewa robo, yule anayesimama katikati na kuwafanya waelewane tayari anafanya kazi ya lansi-koplo, hata kama mkono wa shati lake bado ni mtupu.

Huo mkono mtupu ulikuwa na mwenzake. Jeshi la Waingereza lilikuwa na desturi ya kumpa mtu V moja bila nyongeza ya mshahara, kumwangalia tu. Unabeba lawama ya watu wawili kwa posho ya mmoja. Ukikosea unavuliwa siku hiyo hiyo, unarudi kulala na wale wale uliokuwa ukiwaamrisha jana. Mwenzetu wa akiba alisema hiyo ndiyo sehemu inayotisha, kuliko hata kuongoza.

Mwaka 1944 mambo haya yote yalipimwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Bama, wakati wa mvua za masika. Barabara ziligeuka tope, malaria ilikuwa nyingi, chakula kilidondoshwa kwa ndege. Walifika Kalewa mwezi wa Desemba. Katika msitu wa namna ile jenerali haoni kitu, na kapteni haoni sana. Anayeona ni yule aliye hatua kumi kutoka kwako. Kwa wiki nyingi vita ilikuwa mikononi mwa watu wa V moja na V mbili.

Na bado juu yao kulikuwa na dari. Sajenti Mwafrika mwenye miaka kumi na mitano ya utumishi alikuwa chini ya sajenti Mzungu aliyefika juzi, na mshahara haukulingana. Wakati wa vita kiliundwa cheo cha afisa mteule wa kuongoza platuni, kikawapa Waafrika wachache watu thelathini badala ya kumi. Katika miaka ya 1950 kikabadilishwa, na neno la zamani likafufuliwa: efendi. Efendi alikuwa juu ya masajenti wote, lakini hakuwa afisa kamili.

Tunadhani hapa ndipo swali la mwenzetu linapopata jibu la pili, ambalo hakuliuliza. Watu waliojifunza uongozi mdogo hawakuusahau walipovuliwa sare. Waruhiu Itote aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Bama, akatoka akiwa koplo. Miaka michache baadaye alikuwa Jenerali China, akiongoza wapiganaji wa Mau Mau msitu wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954. Bildad Kaggia alikuwa karani wa jeshi, akafika Misri na Uingereza, akatoka na cheo cha stafu sajenti. Mwaka 1952 alikuwa miongoni mwa sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Jeshi liliwafundisha kupanga watu na kazi, halafu likawaambia mwisho wenu ni hapa. Hawakukubali kwamba mwisho ni hapo.

Lakini tusipambe. Ngazi hiyo hiyo, kutoka jikoni hadi efendi mwaka 1959 na kamisheni mwaka 1961, ilipandwa na Idi Amin. Kujua kuongoza kumi hakumwambii mtu awapeleke wapi.

Tanganyika nayo ilipata somo lake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, zaidi ya miaka miwili baada ya uhuru, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, leo Lugalo, waliwafungia maafisa wao wa Kizungu. Walitaka mishahara iongezwe na Waingereza waondoke. Aliyewaongoza hakuwa afisa bali sajenti, Francis Hingo Ilogi. Siku chache baadaye askari wa Jinja na Lanet walifuata. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliomba msaada wa Waingereza, maasi yakazimwa tarehe 25, jeshi lile likavunjwa, na Septemba likaundwa JWTZ. Hatuwatetei walioasi. Lakini ukiwaweka watu miaka sitini kwenye ngazi isiyofika juu, usishangae siku wanapoitikisa.

Mwenzetu wa akiba hajapata watu wake wanne. Ila baada ya mazungumzo haya aliacha kuomba cheo akaomba kazi: sasa ndiye anayehesabu redio za platuni na kuwafundisha wageni kusoma ramani. Anasema wageni wameanza kumuuliza yeye mambo kabla ya kumuuliza koplo, na koplo hajafurahi sana.

Ilibaki kumwambia Bibi. Tulimpigia simu ya video, sisi wanne tumebanana mbele ya kompyuta. Tulimwamkia, akaitikia marahaba mmoja mmoja, akataka kujua kama tumekula. Mjukuu wake akamweleza taratibu: V moja, lansi-koplo, watu wawili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliuliza, "Na hao wawili, walirudi?"

Hatukujua la kumjibu.

Akakaa kimya, kisha akasema yupo mzee mmoja aliyekuwa akija kwao kila Idi kutoka Nzega, kwa baiskeli, na wao watoto walidhani ni ndugu. Huyo ndiye aliyekuwa akimwita baba yao kapteni. Baba alikuwa akimkataza. Mzee anacheka, anaendelea kumwita hivyo hivyo, na haketi mpaka baba aketi kwanza.